Mzigo wa Nguo

Hadithi hiyo inakuja! Na ije, tuipokee!

Hapo kale Kidawa alikuwa na mtoto mlegevu, shingo haikazi, miguu haisimami. Kwa aibu alimfunika kanga gubigubi. Kisimani wenzake wakamuuliza, "Umebeba nini, shoga?"

"Nguo."

Mara tatu waliuliza, mara tatu akajibu, "Nguo."

Zimwi jike likaibuka kisimani. "Kama ni nguo, nipe."

Kidawa akaona haya kusema kweli mbele ya wenzake. Akautoa mzigo.

Zimwi likachimba shimo mchangani, kama wafanyavyo bibi zetu, likamsimamisha mtoto humo kila asubuhi, likimwimbia, hata miguu ikapata nguvu.

Kidawa aliporudi, alimkuta mtoto amesimama. Akapiga magoti. "Nirudishie mwanangu!"

"Mwana?" zimwi likashangaa. "Mimi ulinipa nguo."

Likamrushia kanga yake.