Pimbi na Mtungi wa Machozi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walikuwa na jumba lao la sinema, na Simba mwenyewe ndiye aliyekata tiketi mlangoni. Msicheke, kazi ni kazi.

Muziki wa filamu ulitungwa na Pimbi, yule mdogo wa majabalini. Kila mwaka aliteuliwa kuwania tuzo. Aliteuliwa kwa filamu ya ukame, akateuliwa kwa ile ya harusi ya Twiga, akateuliwa hata kwa ile ya Mamba ambayo watazamaji walitoka kabla haijaisha. Jina likitajwa anasimama, anapigiwa makofi, pa pa pa, kisha tuzo anapewa Kiboko na ngoma zake. Pimbi anarudi nyumbani mikono mitupu, anakula wali wa nazi ambao mama yake alimpikia kwa sherehe.

Desturi yao ilikuwa hivi: waamuzi, wakubwa watupu, walitazama filamu huku wamekinga kata za kifuu kidevuni. Machozi ya kila filamu yakamiminwa katika mtungi wake. Mtungi uliojaa zaidi ndio ulioshinda.

Mwaka ule mama alikuwa mgonjwa, na hamu yake ilikuwa moja tu, amwone mwanawe akishinda kabla hajafumba macho. Pimbi akachukua wimbo aliobembelezewa na mama utotoni, akautungia zeze. Haki ya Mungu, hakuwahi kutunga kitu kitamu namna ile. Lakini maskini alishachoka kusimama na kuketi, hakuuamini tena mkono wake. Asubuhi ya tuzo akapenya chini ya benchi la waamuzi, kacha, kacha, kacha, akakatakata kapu zima la vitunguu.

Zeze lilipoanza, Nyati machozi yakamtoka, Kifaru yakamtoka, Fisi akalia hadi kamasi. Mtungi ukafurika. Pimbi akatangazwa mshindi, na mama yake, aliyebebwa hadi ukumbini, akapiga kigelegele chembamba, akakohoa, akapiga tena.

Fisi, njaa yake mnaijua, akainama kunusa.

"Jamani, kachumbari hii ya nani?"

Chini ya benchi palikuwa na kisu cha mpini mwekundu, cha jikoni kwa mama Pimbi. Ukumbi mzima ukamgeukia Pimbi, naye akainamisha kichwa.

Tembo, mwamuzi mkuu, alikuwa ameketi peke yake nyuma kabisa ili asiwazibe wenzake. Akaja polepole, macho mekundu.

"Kule nyuma nako uliweka?"

"Hapana, mzee. Sikufika kule."

"Basi mimi nililizwa na zeze lako. Machozi yangu peke yake yangeujaza mtungi huu. Ulikuwa umeshinda, mwanangu."

"Niachie basi, mzee. Mama yangu yule pale."

"Natamani. Lakini yangu yamechanganyika na ya vitunguu. Nitayatoaje humo?"

Akaubeba mtungi hadi mlangoni, akaumwaga, mwaaa. Tuzo akapewa Kiboko.

Nyumbani mama hakumgombeza. Alimpakulia wali, akamwambia ameutambua wimbo wake, na kwamba ulikuwa mzuri. Pimbi akaegemea meko akalia kwikwi, na mle jikoni hakikuwa kimebaki kitunguu hata kimoja.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukiifanyia hila kazi yako nzuri, unajinyang'anya ushindi uliokuwa wako.