Mdudu Aliyekuja Kumshukuru Mwalimu Wake

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, watu watatu walikuwa na wagonjwa katika wodi moja. Mwanakheri alimuuguza mwanawe mdogo, Riziki. Jirani yake, Bi Mize, alimuuguza mumewe. Na Daktari Makame, mkubwa wa wodi, mama yake mzazi alilala kitanda cha mwisho. Wagonjwa wote watatu waliugua nimonia.

Asubuhi maabara ikajibu: mdudu wa ugonjwa ni yule yule kwa wote, na dawa ya siku zote haimuui tena.

"Nani kamzoesha dawa?" akauliza muuguzi.

"Si mimi," akasema Mwanakheri.

"Si mimi," akasema Bi Mize.

"Mimi kabisa siye," akasema daktari, akatazama dirishani.

Adhuhuri joto likalegeza kila kitu. Pazia likavimba, likanywea, likavimba tena. Mwanakheri, mkono juu ya kifua cha mwanawe, akapitiwa na usingizi.

Akaota mgeni mnene mwenye koti la utelezi, kaketi ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini. Bi Mize na daktari nao wamo ndotoni.

"Hamjambo," mgeni akasema kwa adabu. "Ndimi niliyemo vifuani humu. Koo zetu ni nyingi, kila ukoo na koti lake. Zamani dawa ikinigusa nilikufa. Leo naikoga. Yupo aliyenifundisha, nami si mtovu wa shukrani. Mwalimu wangu hasa ajitaje, nitahama kifua cha mgonjwa wake. Kimoja tu."

Ee jamani! Kila mwamba ngozi huvutia kwake, hata ikiwa ngozi ya aibu.

"Ni mimi!" akalia Mwanakheri. "Mwanangu alipopoa homa tu, nilifunga chupa ya dawa kabla haijaisha, nikaiweka kabatini. Nilikuonjesha dawa, nikakuacha hai."

"Ni mimi!" akasema Bi Mize. "Vidonge vya mume wangu vilivyobaki niliwagawia majirani kama chumvi. Mwenye mafua, mwenye vumbi kooni, wote. Yeye kakufundisha nyumba moja, mimi mtaa mzima."

"Ni mimi," akasema daktari. "Foleni ilikuwa ndefu. Kila kikohozi nilikiandikia dawa ile ile, sikungoja maabara. Hao dawa waliipata wapi, kama si mkononi mwangu?"

Mgeni akafunga vifungo vya koti. "Wote mmesema kweli," akasema. "Lakini kifua ni kimoja." Akashuka kitandani.

Mwanakheri akazinduka. Ukingoni hapakuwa na mtu. Ila katika wodi ile, pumzi moja iliyokuwa ikikoroma ilikuwa imelainika, asijue ni ya nani, na mkono wake ulikuwa umeteleza kutoka kifuani mwa Riziki. Akaogopa kuurudisha. Nami namhurumia.

Haya, ninyi mliokaa hapa, mwambieni kabla hajaurudisha: mwalimu hasa alikuwa nani? Je, kifua cha nani kilistahili kuhamwa?