Ufa Chini ya Rangi ya Kucha

Watu wengi hudhani mwerevu ni yule anayeikwepa shari yote. Sivyo hata kidogo. Shari nyingine ikishaingia ndani haitoki mikono mitupu, na mtu hubaki na uchaguzi mmoja tu: apoteze kidogo sasa au apoteze vyote baadaye. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Gamaliel Rentas wa mjini Yauco, kwenye kisiwa kisichokosa vimbunga, alikuwa akilisikia neno hilo tangu utotoni, lakini kulisikia neno na kulimeza ni mambo mawili, na yeye lilimkwama kooni.

Gamaliel aliuza madirisha ya kuzuia vimbunga. Kutwa alikuwa akigonga kioo kwa nyundo mbele ya wateja ili waone kwamba hakipasuki, na kazi hiyo ikamwingia akilini. Kwake kitu kizuri kilikuwa kitu kigumu, basi. Alikuwa amemwoa Yarelis, binti wa pekee wa Don Eustaquio Lugo, fundi mstaafu wa nguzo za umeme, mzee mwenye ulimi mkali na mkono uliokuwa umesifika mji mzima.

Mkono huo ulisifika kwa ajili ya Chencha. Chencha alikuwa gari la rimoti, ukubwa wake kama paka aliyejinyoosha, wa aina ambayo kiwanda chake kilikwisha kuacha kuitengeneza. Kila mwaka, katika sikukuu ya mtakatifu wa mji, wenye magari ya namna hiyo walishindana kwenye njia ya vumbi nyuma ya uwanja wa besiboli. Matairi yake yalipatikana, na hata vishikio vya magurudumu, vile vikono vinavyoliunganisha gurudumu na gari, vilipatikana kwa wachuuzi wa vitu vya zamani. Kitu kimoja tu hakikupatikana tena popote: sanduku la gia la mbele, lile boksi jeusi lililobeba gia kwa ndani na kushikilia vishikio kwa nje. "Hilo likifa," mzee alizoea kusema, "mnunulieni Chencha jeneza."

Mwanzoni mwa mwaka huo mzee alipigwa na kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito kama si wake. Nesi wa mazoezi alimpa mpira laini wa kubinya. Mzee akamrushia mbwa. Alimtukana nesi, akamtukana mkewe, akaitukana na dawa. Jambo moja tu alikubali kulifanya kwa mkono ule: kuuzungusha usukani mdogo wa rimoti kila asubuhi barazani, kushoto na kulia, huku Chencha amepandishwa juu ya kopo, magurudumu yake yakifuata hewani. Kidogo kidogo vidole vikaanza kuamka.

"Sikukuu ikifika naendesha," alisema. "Anayetaka kucheka aje mapema apate kiti."

Nyumba nzima ilifurahi isipokuwa Gamaliel. Yeye alivitazama vile vidole vinavyotetemeka. Aliwaza hivi: mzee atagonga nguzo mbele ya watu, Chencha atavunjika, na mzee hataushika usukani tena maisha yake. Mkono utarudi kulala, na mwenye mkono naye ataanza kufa polepole kwenye kiti chake cha barazani. Hofu hiyo ilimnyima raha ya chakula.

Akafanya lile ambalo muuza madirisha angelifanya. Aliagiza vishikio vya alumini, vya rangi ya buluu, vinavyong'aa hata ukatamani kuvivaa. Mzee alimwachia Chencha amsafishe kabla ya sikukuu, na Gamaliel akaona ndiyo nafasi yake ya kumshangaza. Akavitoa vile vya plastiki, akafunga vya alumini, akaenda kumjaribu Chencha barabarani mbele ya nyumba yake.

Yeye si dereva. Chencha alikata kona vibaya akagonga ukingo wa barabara, si kwa kasi ya kutisha. Gamaliel alikimbia, akamwinua, akavitazama vishikio. Havikuwa na hata mkwaruzo. Akatabasamu peke yake pale barabarani. Kisha akaona gurudumu limeinamia upande, akamgeuza Chencha chali. Sanduku la gia lilikuwa limepasuka kuanzia kwenye skrubu hadi katikati. Kishikio hakikuvunjika, kilivunja kile kilichokishikilia.

Mtu mwenye akili timamu angekwenda kusema siku ile ile. Gamaliel alijifungia bafuni. Alifuta vumbi kwenye ufa, akatia gundi, akausubiri ukauke, halafu akapaka rangi nyeusi juu yake. Vishikio vya zamani alivirudisha mahali pake. Alipomaliza, ufa haukuonekana. Alimrudisha Chencha kwa mzee huku akichekacheka ovyo, akatoka nje kabla hajaulizwa swali.

Rangi ile ilikuwa ya kucha, na ilikuwa ya mkewe.

"Gamaliel," Yarelis aliuliza, "tangu lini unapaka kucha nyeusi?"

Alijaribu kusema hili na lile, lakini Yarelis alimkazia macho mpaka akamwaga mtama wote. Mkewe akasema, "Mwambie."

"Nikimwambia leo, ataiweka rimoti kabatini. Mkono je?"

"Na usipomwambia?"

"Huenda asigonge. Huenda gundi ikashika."

"Huenda," Yarelis alimwigiza. "Wewe uliyeuona ule mkono unavyotetemeka ndiye unayeniambia huenda. Sikiliza, mume wangu. Atagonga, na sanduku litafumuka. Na pale baba hatamlaumu mkwe wake wala gundi yake. Atautazama mkono wake."

Maneno hayo yalimchoma. Hakuwa amefikiri hivyo. Alikuwa amehofia mzee kumpoteza Chencha. Sasa aliona kwamba amemtegea mgonjwa mtego, na mgonjwa atajihukumu mwenyewe kwa kosa la mtu mwingine. Hata hivyo hakwenda. Woga una tabia hiyo, huona kosa na bado huomba siku moja zaidi. Kila asubuhi alipita barazani kwa mzee akielekea kazini, akasikia magurudumu yakizunguka juu ya kopo, akatega sikio kama daktari asikie mlio wa ufa. Akawa anajikunja kila mzee alipokohoa. Kazini aligonga kioo kwa nyundo, na mteja akamwuliza kama ni mgonjwa.

Siku mbili kabla ya sikukuu aliitwa jikoni kwa wakwe zake. Alidhani arobaini zake zimefika. Alimkuta mzee amesimama mbele ya jiko, anakoroga kitu kwenye chungu kizito cha wali, na mkewe, Doña Provi, yuko nyuma yake, mikono kiunoni.

"Eustaquio, hicho ni chungu cha mama yangu," alisema Doña Provi.

"Mama yako alinipenda, asingekasirika."

"Wali utanuka plastiki."

"Wa jana ulinuka moto na mbona nilikula."

Ndani ya maji yanayochemka vilikuwemo vishikio vipya vya plastiki, vimezama kama vipande vya muhogo. Mzee alikipakua kimoja kwa mwiko, akampa mkwewe. "Kikunje. Usiogope."

Gamaliel alikikunja. Kilipinda, kikarudi.

"Plastiki hii ikikaa kabatini hukauka, inakuwa biskuti," mzee alisema. "Ukiichemsha inakunywa maji, inalainika. Ikigongwa, inapinda. Ikizidiwa, inavunjika."

"Lakini baba," Gamaliel alisema, "si ni bora isivunjike kabisa?"

"Ikikataa kuvunjika, pigo linakwenda wapi, mkwe wangu? Linapaa mbinguni? Linaingia ndani. Nimefanya kazi kwenye nguzo maisha yangu yote. Fyuzi inaungua ili transfoma ibaki. Hakuna mjinga aliyewahi kuweka fyuzi isiyoungua. Kazi ya kishikio ni kufa mapema, wenzake wapone."

Gamaliel alikishika kile kishikio cha moto mpaka kikamuunguza kiganja. Aliona waziwazi kwamba na yeye alikuwa akilizuia pigo lisimwangukie, na lilikuwa likisafiri kwenda ndani kabisa, mahali pasipo na spea. Akapiga moyo konde.

"Baba, mimi nimempasua Chencha."

Aliyasema yote: alumini, ukingo wa barabara, gundi, rangi ya kucha. Doña Provi alizima jiko. Mzee alikwenda barazani kwa mwendo wake wa kuburuta, akamleta Chencha, akatia spiriti kwenye kitambaa na kufuta. Ufa ukajitokeza, mwembamba, mrefu. Akaupitishia ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ningemvunja mbele ya watu wote," mzee alisema hatimaye, bila kupandisha sauti. "Ningekwenda nyumbani nikiuchukia mkono huu. Na wewe ungenyamaza?"

"Sijui, baba. Naogopa kwamba ningenyamaza."

"Toka nyumbani kwangu."

Mzee aliitia rimoti kwenye droo, akaisukuma kwa goti ikafunga. Gamaliel alitoka. Njiani alijiambia kwamba sasa yametimia yote aliyoyaogopa: Chencha ameharibika, rimoti imefichwa, na mkwe amefukuzwa kama mbwa.  Yarelis alimwekea chakula, naye hakukigusa.

Kesho yake asubuhi simu ililia. Alikuwa Doña Provi. "Mzee anakutaka. Njoo upesi. Ameshakimaliza chungu changu, sasa anautolea macho ubao wangu wa kukatia vitunguu."

Alimkuta mzee mezani, Chencha amefumuliwa, skrubu zimepangwa juu ya gazeti. Mzee hakumsalimu. "Vidole vyangu haviwezi kushika bisibisi," alisema. "Vyako ndivyo vilivyovunja. Kaa."

Wakafanya kazi. Ule ubao wa Doña Provi ulikuwa wa plastiki nene, nyeupe, na mzee aliuchorea kwa mkono wa kushoto umbo la kipande cha kulikumbatia sanduku lililopasuka. Gamaliel alikata kwa msumeno mdogo, akapiga tupa, akajaribu, akakosea, akatukanwa, akakata tena. Alipotaka kufunga vishikio kwa skrubu za chuma, mzee alimgonga kiwiko. "Za nailoni. Hukusikia jana? Au masikio nayo ni ya alumini?"

Hilo lilikuwa tusi la kwanza la siku hiyo lenye kicheko ndani, na Gamaliel nusura alie.

Siku ya sikukuu kulikuwa na jua kali. Kando ya njia ya vumbi watu walikula vitumbua vya samaki na kubishana. Chago Irizarry, rafiki na hasimu wa mzee tangu ujana, alimkaribisha kwa jina lake la utani. "Taquio, nilisikia umekufa."

"Nilikufa, nikakosa wa kumshinda huko, nikarudi."

Magari yaliachiwa. Gamaliel alisimama nyuma ya mkwewe, vishikio vya akiba mfukoni. Alitazama vidole vilivyokuwa kwenye usukani zaidi ya alivyomtazama Chencha. Vilitetemeka, vikatulia, vikatetemeka tena. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda vizuri, na Chencha akampita mmoja. Kisha kwenye kona ya mwisho vidole vilichelewa. Chencha alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, na mlio wake ulisikika mpaka kwa wachuuzi.

 Mzee alikuwa mweupe kama karatasi. Gamaliel aliruka kizuizi, akamwokota Chencha, gurudumu likining'inia. Alimgeuza chali. Kishikio kilikuwa kimekatika vipande viwili. Sanduku la gia, pamoja na kilemba chake cha ubao wa vitunguu, lilikuwa zima.

"Baba," aliita, "ni kishikio tu."

Mzee alifumba macho, akayafumbua. "Sasa unangoja nini, nikuchemshie chai?"

Gamaliel alichomoa kipande kilichokatika, akaingiza kipya, akakaza skrubu ya nailoni, akamrudisha Chencha njiani. Wengine walikuwa wamekwisha kwenda mbali. Chencha alimaliza akiwa wa mwisho kabisa, peke yake, na watu wakampigia makofi alipokata mstari.

"Taquio," Chago alisema, "umeshika mkia."

"Nimeshika mkia wa ng'ombe mzima," mzee alijibu. "Wako yuko wapi? Naona anatoa moshi."

Walipokuwa wakikusanya vitu, mzee alimpa mkwewe vile vipande viwili vya kishikio. "Viweke mfukoni. Leo nimegonga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na najua nilichovunja. Ungenyamaza, nisingejua kamwe." Kisha akaongeza, "Na chungu cha mama yake Provi utakitafuta wewe. Kizito, cha zamani. Mimi siingii jikoni mpaka kipatikane."

Kesho yake asubuhi, Gamaliel alipopita barazani akielekea kazini, Chencha alikuwa juu ya kopo na usukani ulikuwa ukizunguka, kushoto na kulia, polepole. Vile vishikio vya buluu Doña Provi alikuwa amevipigilia ukutani kuwa vya kutundikia taulo, maana kwa kazi hiyo havina mpinzani. Gamaliel alifukuzwa siku moja, chungu kikaharibika na kishikio kikakatika. Lakini mkono wa mzee ulikuwa macho, na haukubeba kosa lisilo lake. Hakika, heri nusu shari kuliko shari kamili.