Siku Ambakisye Alipozigonga Simu

"Mgonga simu hasikii mwito." Mmeisikia leo kwa mama wa duka, mlipokuwa mnabishana simu ya nani imeundwa vizuri kuliko ya mwenzake, mkaja mbio kwangu kuuliza imetoka wapi. Msiwasingizie wahenga. Wahenga wamelala makaburini hawajaona hata chaja. Sogeeni, na wewe unayechezea hiyo yako iweke chini kwanza. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Hapa hapa Kyela, upande wa ziwani, palikuwa na mtu aitwaye Ambakisye. Kazi yake ilikuwa kununua vyungu kwa akina mama wafinyanzi na kuvipandisha Tukuyu kwenda kuviuza. Wanunuzi wengine hutazama chungu. Yeye hakutazama. Alikiweka kwenye kiganja cha kushoto, akafumba macho, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kisha akategesha sikio. Chungu kizima hulia ngiii, sauti ikazunguka mle ndani na kukawia kutoka, kama mgeni aliyeambiwa chai iko jikoni. Chungu chenye ufa husema pwa, basi.

Sikio lake hilo lilikuwa na sifa hadi ng'ambo ya mto. Wanasema aligonga chungu wakati wa kiangazi akataja ufa utakaotokea masika. Wanasema aligonga cha mke wa mchungaji akamwambia, "Mama, humu kuna mchwa anakohoa." Mimi sikuwepo, lakini aliyenisimulia aliapa, na aliyemsimulia yeye aliapa pia. Watu wakawa wanamletea maboga agonge, nazi agonge, milango agonge. Ikafika mahali akiingia nyumba ya mtu anapiga hodi mara mbili: moja ya kuomba kuingia, moja ya kukagua mbao.

Sasa, Ambakisye alikuwa na mpwa wake, Gwamaka, mtoto wa dada yake Subilaga. Gwamaka alimpenda msichana mmoja, Atuganile, na msichana alimpenda kwelikweli. Lakini kijana haposi kwa mdomo wake mwenyewe, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekwenda kusema. Baba mkubwa wa msichana, Mzee Mwakipesile, alisikiliza akamaliza, akasema, "Kuna watu wengine nao wamekuja kuomba. Tutakaa kikao. Jumamosi asubuhi nitakupigia simu. Ukipokea, tutapanga siku ya ng'ombe. Nisipokupata, nitajua huna haja."

Simu ya Ambakisye, ya vitufe, ilikuwa imelala ziwani tangu mwaka jana, samaki waitwao mbelele wanaipigia wenyewe. Kwa hiyo namba aliyoacha ilikuwa ya Gwamaka, na Jumamosi ile Gwamaka akamkabidhi mjomba simu yake kabla ya kwenda shambani kwenye mpunga. Ilikuwa simu kubwa ya kioo cha kupapasa, aina ya Kifaru, mwili wake wa alumini nyeusi.

"Mjomba, ikiita, vuta kile kiduara cha kijani. Usibonyeze kitu kingine."

"Mimi nimesikia mchwa akikohoa, nitashindwa kusikia simu?"

Gwamaka akacheka akaondoka. Alichosahau ni kwamba jana yake alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na mwalimu wa kwaya hataki makelele, hivyo simu ilikuwa imezimwa mlio. Ilibaki kutetemeka tu. Ambakisye, ambaye simu yake ya zamani ilikuwa ikiita mbuzi wanakimbia, hakujua kwamba kuna simu inayoita kwa kutetemeka.

Akaenda nayo gulioni, akaketi penye vyungu, simu mfukoni mwa shati, kifuani. Pembeni yake alikuwa Tumpe, muuza samaki, mke wa rafiki yake, mwanamke mwenye ulimi usiolala njaa. Tumpe naye alikuwa amenunua simu mpya, aina ya Tausi, nyeusi vilevile, ila mgongo wake wa kioo. Alipoona ile mfukoni mwa Ambakisye akaangua kicheko.

"Shemeji! Umebeba sufuria kifuani?"

"Sufuria gani?"

"Si alumini hiyo? Alumini ni alumini. Iinjike, utie maji na unga, tule."

"Afadhali sufuria, shemeji. Yako mgongo wa kioo. Umeona wapi mtu mwenye akili akaezeka nyumba kwa kioo?"

"Kioo hakichubuki! Tazama hiyo yako, imejaa mikwaruzo kama goti la mtoto."

"Goti lenye mikwaruzo bado linatembea. Kioo kikianguka huwa hakianguki mara ya pili."

Watu wakaanza kusogea. Mnajua gulioni kwetu, mtu akikohoa kwa nguvu anapata watazamaji. Mmoja akasema uimara wa simu ni fremu, kile kizingo cha ubavuni. Mwingine akasema hapana, ni uzito, simu nyepesi ni ganda la yai. Mshona viatu akasema zote mbili zimeunganishwa kwa gundi tu, na gundi hiyo anaijua yeye. Wa nne akataka ziangushwe pamoja kutoka juu ya gari la mchele, Tumpe akamwambia amtangulize kwanza mama yake mzazi. Kila aliyesema alionekana ana haki, mpaka mwingine wa nyuma alipofungua mdomo, na hapo lile mlilokuwa mkiamini mnaliacha.

Ndipo sauti ikatoka, "Kwa nini tunabishana, na sikio liko hapa? Ambakisye azigonge!"

Hapo, wajukuu zangu, mtu mwenye kusubiri simu muhimu angesema, "Leo hapana, nina shughuli." Lakini sifa ni pombe, na Ambakisye alikuwa ameshaonjeshwa. Akavua kava la Kifaru lenye kuonyesha ndani, Tumpe akavua la Tausi.

"Nifungeni macho," akasema. "Macho ni shahidi wa kuhongwa. Nisijue ipi ni ipi."

Tumpe akamfunga kitenge usoni, akazizungusha simu kwenye mapaja yake kama mcheza karata, akampa moja. Ambakisye akailaza kifudifudi kwenye kiganja cha kushoto kama alivyozoea kulaza kifuniko cha chungu, kioo kikatazama chini, vidole vikaikumbata ubavuni. Akagonga. Ti. Akategesha sikio. Kimya.

"Hii imeshikana," akasema, "lakini roho yake fupi."

Akapewa ya pili. Akailaza vilevile. Akagonga mgongo. Ti. Na hapo, kabla hajavuta pumzi, simu ikaanza: vvvvv, vvvvv, vvvvv. Ikatetemeka kiganjani, mkononi, hadi kwenye kiwiko.

Ambakisye akabaki mdomo wazi. Katika maisha yake yote chungu kizuri kuliko vyote kiliitikia kwa muda wa kumeza mate. Hiki kilikuwa kinaitikia na kuendelea kuitikia, kinapumzika kidogo na kurudia.

"Sikieni!" akanong'ona. "Nimegonga mara moja tu. Inajibu yenyewe!"

Akaikumbata kwa nguvu isije ikamponyoka, na kidole gumba kikabonyeza kitufe cha ubavuni. Simu ya Gwamaka ilikuwa na tabia hiyo: ukibonyeza kitufe cha ubavuni wakati inaita, inakata. Ikanyamaza.

"Imekwisha," akasema kwa huzuni. Akagonga tena. Ti. Kimya. Akakunja uso chini ya kitenge. "Mbona sasa haijibu?"

"Labda umeigonga pembeni," mshona viatu akashauri.

Akagonga katikati. Kimya. Akagonga juu, karibu na kamera. Vvvvv! Watu wakapiga kelele za furaha. Akaikumbata, ikanyamaza. Akagonga palepale karibu na kamera, haikujibu. Akagonga chini, kimya. Akangoja, akagonga katikati alipogonga mwanzo. Vvvvv!

Akaikumbata, ikanyamaza tena. Sikio lililosikia mchwa lilikuwa limepotea njia. Chuma gani hiki kinachojibu kikipenda? Kama ni kizima, kwa nini kinanyamaza? Kama kina ufa, kwa nini kinalia muda mrefu namna hii? Na hii inayotetemeka ni yake au ya Tumpe? Moyo wake ulitaka iwe Kifaru, akili ikamwambia alumini ya sufuria haijawahi kutetemeka hivi hata jikoni. Basi ni kioo. Lakini kioo kikitetemeka hivi si kingepasuka?

"Shemeji, toa hukumu, samaki wangu wanaoza!"

"Hii inayotetemeka," akasema pole pole, "ndiyo bora. Ipi ni ipi sijui, lakini ndani yake hakuna upenyo hata wa sindano. Hebu nipe ile ya kwanza niilinganishe."

Akapewa ile ya kwanza. Akaigonga, na simu ikalipuka kwa wimbo wa kwaya, sauti nne, na kinanda. Ambakisye nusura aitupe.

"Yangu hiyo!" Tumpe akaidaka. "Ninapigiwa! Toa mikono, wewe."

Akapokea kwa spika, maana mikono yake ilinuka samaki na hakutaka kuiweka shavuni.

"Halo, Tumpe, ugonile?"

"Ugonile, Mzee Mwakipesile! Habari za nyumbani?"

Ambakisye akavuta kitenge kutoka machoni.

"Nzuri kabisa," ikasema sauti. "Niwekee mbasa wakubwa. Tutakuwa na wageni. Wachumba wa Atuganile wanakuja."

Tumpe akamtazama Ambakisye akacheka. "Hongera, mzee! Hata mshenga wao huyu hapa, amekaa na mimi. Alikuwa hasemi kitu, mwenye siri huyu!"

Sauti ikauliza, "Nani huyo?"

"Ambakisye, mzee."

"Ambakisye?" sauti ikabadilika. "Huyo yuko hapo, mzima?"

"Niko hapa, mzee," Ambakisye akasema akisogeza mdomo kwenye simu. "Nasubiri simu yako tangu asubuhi."

"Nimekupigia! Nikapiga, ukakata. Nikapiga tena, ukakata. Nikasema labda yuko pabaya, nikapiga tena. Ukakata!"

"Sikukata, mzee! Haikuita! Mimi muda wote ninayo mkononi, nilikuwa naigonga tu."

"Unafanya nini?"

"Naigonga, mzee."

"Mimi napiga simu, wewe unagonga simu?"

"Ndiyo, mzee. Tulikuwa tunatafuta ipi ni imara."

Hakuna aliyecheka. Hata mshona viatu alitazama viatu.

"Sikiliza, Ambakisye," Mzee Mwakipesile akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana iliuma. "Kikao kilikubali tuanze na nyinyi kwa sababu mtoto mwenyewe alilia tuanze na nyinyi. Alikuwa amesimama nyuma yangu nikipiga. Kila ulipokata aliniambia, 'Baba, jaribu tena.' Mwisho hakusema kitu. Nikawapigia wale wengine. Wana kisimu cha plastiki kimefungwa kwa mpira kisimwage betri, nakijua, nimekiona. Kiliita mara moja, wakapokea."

"Wapigie tena, mzee. Waambie palikuwa na kosa."

"Nina mdomo mmoja, Ambakisye. Neno limeshatoka. Tumpe, mbasa wakubwa, usisahau."

Simu ikakatika. Safari hii hakuna aliyebonyeza kitufe. Ambakisye akaigeuza Kifaru iliyokuwa kiganjani akaona kioo chake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kilikuwa kimewaka, na jina la Mzee Mwakipesile limeandikwa mara kadhaa kwa wino mwekundu. Akaivisha kava. Akaacha vyungu vyake na Tumpe, akaenda nyumbani kwa miguu, na njia nzima alikuwa anashangaa kwamba mkono wake bado unahisi ule mtetemo.

Subilaga alikuwa amefagia uwanja wote, hata pasipofagiwa. Gwamaka alikuwa amerudi kutoka shambani, matope hadi magotini, hakutaka kukaa.

"Kaka, walipiga?" Subilaga akauliza.

"Walipiga."

"Ulisikia?"

Ambakisye akaitazama ile simu. Alitaka kudanganya, lakini uongo nao haukumjia.

"Nilisikia, dada. Nilisikia vizuri sana."

"Mjomba," Gwamaka akasema, "walisemaje?"

"Sijui walivyosema, mwanangu. Niliposikia inatetemeka nikasema ni chuma kizuri."

Akawaeleza yote, kuanzia sufuria hadi kisimu cha mpira, akisimama kila mara kwa sababu hata yeye hakuelewa lililotangulia na lililofuata. Gwamaka akapokea simu yake, akaipangusa kwenye kaptula yenye matope, ikachafuka zaidi, akaingia ndani. Alumini haikuwa na alama mpya hata moja. Kioo cha Tumpe nacho hakikuwa na alama. Mpaka leo hakuna anayejua ipi ilikuwa imara zaidi, na kule ziwani bado wako wanaobishana.

Subilaga aliegemeza ufagio ukutani, akamtazama kaka yake kwa muda, yule kaka mwenye sikio, akasema neno ambalo jirani alilisikia kupitia ua, jirani akalipeleka kisimani, na kutoka kisimani likafika dukani kwa yule mama mliyemsikia leo:

"Kaka yangu, mgonga simu hasikii mwito."