Kibanda Alichokizuia Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga, wakioana na kuzikana kama sisi, mto Kivuma ulifurika ukazoa mashimo, viota na mapango. Walionusurika walikimbilia kilimani. Ndovu, mkuu wa kilima, akaamuru vijengwe vibanda vya muda.

"Kila aliyefukuzwa na maji atapata pa kulala," alisema, "mpaka mto urejee katika njia yake."

Nguchiro alichelewa kufika, kwa kuwa alikuwa akimtafuta mumewe matopeni hata akakata tamaa. Mgongoni alimbeba Siwema, kitoto chake, aliyekuwa akichemka kwa homa. Vibanda vyote vilikuwa vimekwisha kugawiwa. Kilichokuwa kikubwa kuliko vyote kilikuwa na mkazi mmoja tu.

"Hodi, Bwana Kiboko!"

"Hodi ya nini? Pamejaa!"

"Mwanangu mgonjwa, analala penye umande. Nipe japo pembe moja."

"Pembe? Kamwombe Faru, anazo!" Kiboko akacheka, kho! kho! kho!

Nguchiro akaenda kumwita Ndovu. Ndovu alipofika, Kiboko akajikamua machozi.

"Mzee Ndovu, nani alikaa karibu na mto kuliko mimi? Basi nani ameathirika kunishinda?"

Ndovu akapunga masikio, akawaza. "Neno hilo lina uzito."

"Lina uzito! Lina uzito!" wakaitikia Nyati na Faru, wazee waliofuatana naye. Hakuna aliyekitazama kile kitoto.

Nguchiro alimtazama Kiboko. Ngozi yake ilikuwa imeanza kupasuka kwa ukavu. Moyo wa Nguchiro ukashtuka, akafahamu.

"Wazee wangu, msiondoke," alisema kwa adabu. "Nimpooze mwanangu kwanza."

Akachukua kibuyu cha maji, akazunguka nyuma ya kibanda, akamimina taratibu juu ya jiwe. Chururu... chururu... chururu...

Masikio ya Kiboko yakasimama. Macho yakajifumba yenyewe. Akasahau wazee, akasahau machozi, akaimba kwa sauti nzito:

*Maji mama, karibia,*
*mwanao nakulilia;*
*nchi kavu naumia,*
*nirudi nyumbani kwangu.*



"Kiboko," aliuliza Ndovu polepole, "umesema nyumbani kwako ni wapi?"

"Mimi? Aa! Wimbo tu huo, Mzee!"

"Sisi mto ulitubomolea nyumba. Wewe ulikuongezea ua. Toka!"

Kiboko akatoka, puh! puh!, akiburuta tumbo kuelekea mtoni. Naye Ndovu akainamisha mkonga mbele ya Nguchiro. "Niwie radhi, mama. Nilipima maneno, sikuwapima wenye shida."

Nguchiro akaingia. Akamlaza Siwema juu ya majani makavu, akawaita Panya na Kindi waliokuwa wakitetemeka nje. Mtoto aliposinzia, mama akageukia ukuta, na hapo ndipo alipopata nafasi ya kumlilia mumewe.

Basi jueni, wanangu: kimbilio ni la aliyekimbia, mwenye kwake asimzibie mlango.