Ndiyo ya Chini ya Wembe

"Ndiyo ya chini ya wembe haifiki mlangoni." Bi Kalunde alimwambia hivyo mjukuu wake, aliyekuwa akijisifu kwamba rafiki zake wote wameahidi kuja kumvunia mpunga. Wameahidi lini? Wakiwa wanakula nyama yake. Vijana wakacheka, wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Bibi akaweka ungo chini. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wa Itundumo palikuwa na kinyozi aitwaye Lugembe. Mwaka huo madiwani waligombania bajeti, kila mmoja akitaka barabara ya kwake itangulie, na bajeti ikagoma kupita. Fedha zikakwama. Zahanati ikafungwa, mkunga akarudi kwao. Na Nyamizi, binti wa Lugembe, alikuwa mjamzito. Mtoto wa kwanza alimfia njiani, akipelekwa kwa baiskeli hospitali ya mbali. Tangu hapo Lugembe akisikia kengele ya baiskeli, moyo humruka.

Basi akamwomba mwalimu amwandikie karatasi ya kuwaomba madiwani wapitishe fungu la zahanati kwanza, mengine wagombane baadaye. Akaiweka karibu na kioo, na wino pembeni. Mteja akishapakwa povu, kichwa nusu kimenyolewa, Lugembe husimamisha wembe.

"Pale pana karatasi ya zahanati. Utatia dole?"

"Nitatia, mzee, nitatia!"

Hakuna aliyekataa. Karatasi ikajaa madole pande zote mbili.

Mwenyekiti wa halmashauri alipoletewa alisema, "Dole halisemi. Wenyewe waje siku ya kikao." Lugembe akawapelekea habari wote waliotia dole, nao wakaitikia.

Siku ya kikao Lugembe aliketi na Nyamizi kwenye benchi refu. Wakatazama mlango. Mwenyekiti naye akatazama mlango, kisha akauliza kwa upole, "Watu wako wamepotea njia?" Kikao kikaendelea na mambo mengine.

Wakati wa kurudi, Lugembe alimkuta Kapela, muuza mkaa, anakunywa kahawa na wenzake.

"Kapela, si ulikubali wewe?"

"Ndugu yangu, siku ile hata ungeniomba mke wangu ningekubali. Wembe ulikuwa kooni!"

Barazani wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Lugembe hakucheka. Nyumbani alinoa wembe kwa hasira, akinung'unika, "Waongo watupu."

Nyamizi alikuwa amenyoosha miguu mkekani. "Si waongo, baba. Wewe hukuwaomba. Uliwashika."

Mzee akautua wembe. Kesho yake alichana ile karatasi, akaandikisha nyingine. Sasa alimnyoa mtu mpaka mwisho, akamfuta povu, akampa kioo ajitazame, akautia wembe majini. Kisha akafungua pazia la mlango, ndipo akasema, "Binti yangu anakaribia kujifungua na zahanati imefungwa. Ukitaka kutuombea kwa madiwani, karatasi ile pale. Usipotaka, nenda salama."

Wengi walikwenda salama. Kapela naye alitoka, akafika barabarani, akasimama akipapasa kipara chake. Akarudi. "Lete wino, bwana. Tena kikao ni lini?"

Siku ilipofika, karatasi haikujaa hata upande mmoja. Lakini benchi lilijaa, vichwa viking'aa kama vibuyu vilivyopakwa mafuta.

"Mbona safari hii ni wachache?" aliuliza mwenyekiti.

Kapela akasimama. "Wachache, mheshimiwa, lakini hatukuburutwa. Na tutakaa hapa mpaka mkunga arudi."

Wakakaa. Madiwani wakala chakula cha mchana wakitazamwa na vipara vile, wala hakikushuka vizuri. Jioni ugomvi wa barabara ulikuwa bado uko palepale, ila fungu la zahanati lilipita. Mkunga akarudi, na Nyamizi akajifungulia ndani ya mlango wa zahanati, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa.

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Lugembe akampakata mjukuu na kuanza kumnyoa nywele za uzazi, polepole.

Kapela akapaza sauti, "Muulize basi kama jina tulilompa amelipenda!"

"Subiri nimalize nimfute kichwa," Lugembe akajibu bila kuinua macho. "Ndiyo ya chini ya wembe haifiki mlangoni."