Kafara ya Kiapo cha Bibi Lubaba

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Khurasani, zama za watu wema, aliishi mkunga mcha Mungu aliyeitwa Bibi Lubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nusu ya mji ilizaliwa mikononi mwake, wala hakupata kutoa siri ya nyumba hata moja.

Liwali wa mji alianza kwa kuomba walinzi langoni, kwa hofu ya wanyang'anyi. Watu wakaridhia. Akataka ruhusa ya kupekua mizigo sokoni. Wakaridhia, ingawa kwa shingo upande. Kisha akawaita wakunga wote kumi, akawaapisha kwamba kila wakisikia majumbani neno la kumpinga, watamfikishia. Bibi Lubaba naye aliapa. Alijiambia kuwa ni jambo dogo tu, ya nini kugombana na mkubwa.

Habari zikaenea, na milango ikaanza kufungwa wakunga wakipita. Mke wa mfinyanzi mmoja, ambaye mumewe alikuwa akimsema Liwali waziwazi, aliona heri ajifungue peke yake kuliko kumwingiza jasusi ndani. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Akafa kabla hajalia.

Bibi Lubaba alipopata habari hiyo alilia, kisha akapandwa na hasira. Majirani walimjia mmoja mmoja wakinong'ona, "Liwali sasa amezidi!" Na hao hao ndio waliomwombea Liwali umri mrefu barazani kwake.

"Subhanallah! Mnaniambia mimi ya nini?" akawafokea. "Si mkamwambie mwenyewe!"

"Bibi, sisi tu watu wadogo. Tutafanya nini?"

Walimchosha. Lakini nafsi yake ilimchosha zaidi, kwa kuwa wao walinyamaza tu, yeye aliapa.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, akasimama mbele ya Liwali, watu wote wakisikia.

"Ee Liwali, kile kiapo nilichokuapia nimekivunja leo. Aliyeapa kutenda lisilo jema hukiacha kiapo chake na kutoa kafara. Sina cha kulisha maskini kumi, basi nitafunga siku tatu."

"Unaijua adhabu ya kuniasi, mwanamke?"

"Naijua. Na kafara ya kiapo naijua. Ya yule mtoto ndiyo siijui. Kama wewe unaijua, niambie."

Liwali akaamuru atiwe kifungoni.

Siku ya kwanza alifuturu peke yake, kwa maji na kipande cha mkate. Siku ya pili akaletwa mkunga mwingine, naye amefunga.

"Na wewe umefuata nini huku?" akamuuliza.

"Na mimi niliapa, Bibi."

Siku ya tatu wakawa kumi, wote wamefunga, na mjini hakubaki wa kuzalisha. Naye binti yake Liwali alikuwa ameshashikwa na uchungu. Liwali akawafungua wote na kuifuta amri yake, huku akifoka, bila kumwomba mtu radhi.

Majirani wakampokea Bibi Lubaba kwa takbiri. "Umetuokoa!"

"Msinisifu," akawajibu, wala hakusimama. "Nimechelewa kwa mtoto mmoja."

Ndugu muumini, kila zama watu huulizana kama raia wanaweza kumzuia mtawala anayejiongezea mamlaka. Wakunga kumi waliweza, bila silaha yoyote, kwa kuyarudisha tu maneno waliyompa. Na linaloudhi, wallahi, ni kwamba waliweza tangu siku ile ya kuapishwa.